Gari la umeme likiungua, ruzuku ya serikali ilaumiwe?

Mkuu, umebeba mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Kwanza, kwamba magari ya umeme huwaka moto hata yakiwa yameegeshwa. Pili, kwamba viwanda vinavyoyaunda vimekula fedha za walipa kodi, kwa hiyo moto ni ushahidi kwamba fedha zilipotea. Nayatenganisha, kwa sababu sababu za moto ziko kwenye seli (vipande vidogo vinavyounda betri) na uundaji, na sababu za fedha kupotea ziko kwenye mkataba. Yapo yanapokutana, ila si pale unapodhani.

Hoja yenyewe ni ya zamani. Mei 2011 mamlaka ya usalama wa magari ya Marekani, NHTSA, iligongesha Chevrolet Volt, gari la General Motors (GM), ubavuni kwenye nguzo kwa mwendo wa kilomita 32 kwa saa, kisha ikaibingirisha ili kuona kama kuna kinachovuja. Gari likawekwa uwanjani. Wiki tatu baadaye likawaka lenyewe na kuunguza magari ya jirani. GM ilikuwa imetoka kuokolewa na Hazina ya Marekani kwa dola bilioni 49.5, na mnunuzi wa Volt alipewa nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500, kwa hiyo Januari 2012 suala lilifika mbele ya kamati ya Bunge na mkuu wa GM, Dan Akerson, akahojiwa.

Sasa angalia chanzo. Nguzo iliumiza sanduku la betri na bomba la kulanti (kimiminika cha kupozea betri). Gari lilipopinduliwa, kulanti ilifika kwenye bodi ya saketi iliyokaa juu ya betri, ikakauka na kuacha chumvi zinazopitisha umeme. Betri yenyewe, ya kilowati-saa 16, haikuwa imetolewa chaji baada ya ajali. GM ilikuwa na utaratibu wa kuitoa, lakini waliofanya jaribio hawakuwa wamepewa. Marekebisho yalikuwa madogo kuliko kelele: chuma cha kutawanya nguvu ya mgongano kuzunguka betri, kihisi cha kiwango cha kulanti kwenye tangi lake, na kizuizi cha kuzuia mtu kujaza kupita kiasi. Uchunguzi ukafungwa mwezi huohuo wa Januari. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachotokana na nani alilipia kiwanda.

Kwa nini wiki tatu? Seli ya lithiamu haihitaji cheche kutoka nje. Joto la ndani likifika kati ya nyuzi 80 na 120 za Selsiasi, utando mwembamba unaolinda anodi (upande hasi wa seli) huanza kuvunjika na kutoa joto zaidi. Kuanzia kama nyuzi 130 kitenganishi cha plastiki kinayeyuka, anodi na kathodi (upande chanya) zinagusana, na umeme wote wa seli unageuka joto. Ikipita 200 hivi, kathodi za nikeli na kobalti zinaachia oksijeni yake, na hapo blanketi au poda haviuzimi moto ulioko ndani ya seli. Seli moja huchemsha jirani yake, na hiyo jirani nyingine. Mwanzo wa mlolongo unaweza kuwa njia ndogo ya umeme inayopitisha mkondo kidogo kwa siku nyingi kabla joto halijazidi uwezo wa kupoa. Betri za fosfeti ya chuma ni tulivu zaidi, kizingiti chao kiko juu na hazitoi oksijeni kirahisi. Lakini gesi yake ina hidrojeni nyingi, na ndani ya chumba kilichofungwa hatari inahama kutoka moto kwenda mlipuko. Wauzaji wengi hawasemi hilo.

Ukifuatilia magari yaliyoitwa kurudi kiwandani, utaona tatizo mara nyingi ni ufundi wa kawaida kabisa. Chevrolet Bolt zote, gari jingine la GM, takriban 142,000, ziliitwa kati ya 2020 na 2021 kwa sababu ya kasoro mbili ndani ya seli moja: kichupo cha anodi kilichochanika na kitenganishi kilichokunjika. Kila kasoro ikiwa peke yake ilivumilika, zikikutana ni moto. Kampuni ya NIO nchini China iliita magari 4,803 ya aina ya ES8 mwaka 2019 baada ya kugundua waya wa kupimia volti uliweza kubanwa na mfuniko wa moduli (kifurushi cha seli) hadi ganda lake likachubuka.

Wenye Bolt waliambiwa wafanye nini wakisubiri betri mpya? Maelekezo yale yanafaa kwa gari lolote lenye tangazo la kasoro ya betri, kwa hiyo yaandike:

- Weka kikomo cha chaji asilimia 90. Seli iliyojaa ina nishati zaidi ya kumwaga, na kathodi yake haijatulia.
- Usiishushe sana pia; wao waliambiwa wasiende chini ya kilomita 113 zilizobaki.
- Egesha nje mara tu ukimaliza kuchaji, na usiache gari linachaji ndani usiku kucha. GM baadaye iliongeza umbali wa mita 15 kutoka gari jingine.

Gari lililozama kwenye maji ya chumvi ni habari nyingine. Usilichaji, usiliwashe "tuone", usilirudishe chini ya nyumba. Chumvi inabaki kwenye viunganishi baada ya maji kukauka, na moto unaweza kuja siku au wiki baadaye. Kimbunga Sandy kilipofurika bandari ya Newark Oktoba 2012, magari 16 aina ya Karma ya kampuni ya Fisker yaliteketea. Kampuni ilisema chanzo kilikuwa chumvi kwenye kitengo cha udhibiti kinachotumia volti 12, si betri kubwa. Watu husahau kabisa kuwa hizo volti 12 zipo.

Kwa wanaozima: wingu jeupe linalofoka chini ya gari si mvuke wa maji. Ni gesi inayowaka, yenye kaboni monoksaidi na floraidi ya hidrojeni. Vaa kifaa cha hewa, kaa upande wa upepo unakotoka, fungua milango ya jengo kabla ya kuingia. Kata kitanzi cha volti 12 kilichoonyeshwa kwenye karatasi ya uokoaji (maelekezo ya mtengenezaji kwa waokoaji) ya gari hilo na usubiri dakika zilizoandikwa humo. Kumbuka umeshatenganisha nyaya za chungwa (za umeme mkubwa) na betri, lakini betri yenyewe bado ina volti 400 au 800 zake. Usitoboe wala kukata sanduku. Kazi ya maji ni kupoza, kwa hiyo yaelekezwe kwenye sanduku, ikibidi upande mmoja wa gari uinuliwe. Kuyamimina juu ya boneti ni kupoteza maji. Miongozo ya Tesla kwa wazimamoto inataja lita 11,000 hivi hadi 30,000, kiasi ambacho tangi la gari moja la zimamoto kwa kawaida halibebi. Panga chanzo cha maji kabla hujaanza. Ukiyakatisha njiani, joto linapanda tena na ulichomwaga hakijasaidia kitu.

Moto ukizimika, pima sanduku kwa kamera ya joto, acha, pima tena. Joto likipanda bila moto kuonekana, bado hujamaliza. Mwenye gari la kuvuta aambiwe waziwazi, na kwenye yadi gari likae mita 15 kutoka kila kitu au lizungushiwe ukuta. Blanketi la moto linasaidia kulinda magari ya jirani, ila ukilifunua ghafla unaingiza hewa kwenye gesi iliyojikusanya. Na vinyunyizio vya dari? Huenda visizime betri, lakini huzuia moto usihamie. Incheon, Korea Kusini, Agosti 2024, Mercedes moja ya umeme iliwaka kwenye maegesho ya chini ya ardhi na zaidi ya magari 140 yakaharibika, baada ya mfumo wa vinyunyizio kusimamishwa.

Upande wa fedha sasa. "Ruzuku" inatajwa kama kitu kimoja, na ndiyo maana mabishano hayaishi. Nafuu ya kodi kwa mnunuzi hulipwa gari likishauzwa, kwa hiyo kiwanda kikifa kesho, hasara ya serikali inaishia hapo. Mkopo hurudishwa au una dhamana. Fedha ya bure kwa kiwanda hairudi hata kampuni ikifanikiwa.

Tesla ilikopeshwa dola milioni 465 na Wizara ya Nishati ya Marekani mwaka 2010, ikamaliza kulipa Mei 2013, miaka tisa kabla ya muda. Fisker iliidhinishiwa milioni 529 chini ya mpango huohuo. Ilipokosa hatua ilizoahidi, wizara ilifunga bomba mwaka 2011 ikiwa imetoa milioni 192. Kampuni ilifilisika 2013, na baada ya fedha zilizozuiwa na mnada, hasara ikawa milioni 139. Ni hasara, sikatai, lakini kilichookoa milioni 337 ni kifungu cha kutoa fedha kwa hatua. Uingereza iliwaahidi Britishvolt, kampuni ya betri, pauni milioni 100, ikakataa kutoa sehemu yake mapema kwa sababu hatua za ujenzi hazikufikiwa. Kampuni ikaanguka Januari 2023 bila fedha hizo kutoka. Linganisha na Solyndra ya Marekani, ya paneli za jua: mkopo wa dola milioni 535 uliodhaminiwa na serikali, na mkataba ulipopangwa upya mwaka 2011 wawekezaji binafsi walioongeza milioni 75 wakawekwa mbele ya serikali kwenye foleni ya kulipwa. Ukitaka kukasirika, kasirikia kifungu kile.

A123 Systems, kampuni ya betri ya Marekani, ndiyo mfano unaokaa katikati. Ilitengewa dola milioni 249 za bure mwaka 2009 kujenga viwanda Michigan. Seli zake zilikuwa za fosfeti ya chuma, kemia tulivu. Lakini mashine ya kuchomelea kwenye kiwanda cha Livonia haikuwa imerekebishwa vizuri, na seli mbovu zikaingia kwenye Karma. Machi 2012 kampuni ilitangaza kuzibadilisha kwa gharama ya milioni 55 hivi, na Oktoba ikafilisika. Hapo kosa la mashine moja liligeuka hasara ya umma. Si kwa sababu ruzuku ni dhambi. Fedha ililipa majengo na mitambo, na hakukuwa na anayelipwa kwa kuonyesha kuwa weldi ziko sawa.

Na wakati mwingine ruzuku yenyewe inavuta upande wa hatari. China mwaka 2018 ilizidisha ruzuku mara 1.2 kwa betri zenye nishati ya wati-saa 160 au zaidi kwa kila kilo ya betri, na kuikata hadi 0.6 kwa zile za 105 hadi 120. Kiwanda kinachotaka 160 kinaongeza nikeli, kinapunguza unene wa kitenganishi na uzito wa kinga kati ya seli. Yaani kinapunguza kila kitu kinachochelewesha moto. Kanuni za usalama wa betri za China hazikuja zikiwa na kasi hiyo: ile ya 2020 ilidai onyo la dakika 5 kabla abiria hawajadhurika, na toleo la 2025, linaloanza Julai 2026, ndilo linadai betri isiwake wala kulipuka hata seli moja ikiharibika. Ruzuku ilipopungua, fosfeti ya chuma ikarudi na mwaka 2021 ikaipita nikeli kwenye magari ya huko.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuchangia rasimu ya mkataba wa aina hii, achana na kupinga ruzuku kwa jumla. Dai vifungu. Kila awamu ya fedha itoke baada ya maabara isiyo ya kampuni kuwasha seli moja katikati ya betri iliyojaa chaji, na matokeo yachapishwe. Kila seli iwe na namba inayorudi hadi tarehe, mashine na roli la kitenganishi ilikotoka, maana bila hiyo unaita magari 142,000 kumbe yenye kasoro ni machache. Akiba ya kuita magari iwekwe benki kabla ya gari la kwanza kuuzwa. Karatasi ya uokoaji na njia ya kutoa chaji baada ya ajali viwafikie wazimamoto na wenye yadi bure, siku ya uzinduzi. Na mwekezaji mpya asiruke mbele ya serikali kwenye foleni ya madai bila Bunge kujua.