Usimtafute Mwenzako wa Kazi Siku ya Shida Tu

Msomaji mmoja ameniandikia akiwa na kinyongo. Alimtumia ujumbe mtu aliyefanya naye kazi miaka minne iliyopita, akimwomba ampigie debe kwenye nafasi iliyotangazwa. Mwenzake akausoma, akauchuna. "Watu wakishapanda hawatazami chini," analalamika. Nikamwomba aninakilie huo ujumbe. Ni huu: "Habari za siku nyingi! Naona mmetangaza nafasi. Naomba unisaidie, wasifu wangu huu hapa."

Samahani ndugu yangu, ujumbe huo haujibiki. Asaidie kufanya nini? Amwone bosi? Asome wasifu? Umemwachia kazi ya kubuni msaada wenyewe. Mtu akipokea ombi kama hilo hakatai, anasema atajibu jioni. Jioni inakuwa wiki, wiki inazaa aibu, na mwenye aibu hukimbia. Wewe unaita kiburi.

Ungeandika hivi: "Salamu. Mara ya mwisho tulikuwa wote kwenye ile hesabu iliyogoma kufunga hadi ukagundua safu moja imejumlishwa mara mbili. Naomba nafasi ya mhasibu mliyotangaza, mwisho tarehe 20. Naweza kukutaja kama mtu wa kuulizwa kuhusu kazi yangu? Kama haikai vizuri kwako niambie tu, nitamtafuta mwingine." Baada ya salamu, sentensi ya kwanza inamrudisha mlipokuwa, ya tatu inajibika kwa neno moja, ya mwisho inamfungulia mlango wa kutokea. Akikubali, mtumie nusu ukurasa: tangazo la kazi, mambo mawili mliyofanya pamoja ambayo anaweza kuyathibitisha, na tarehe. Mpe wiki mbili. Ukimwomba leo barua ya kukupendekeza itakayotumika kesho, utapata barua ya kujaza ukurasa tu.

Wengi hudhani marafiki wa kila siku ndio watakaowafungulia milango. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha matokeo ya kuwahoji watu waliobadilisha kazi karibu na Boston, Marekani. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, takriban asilimia 17 tu walikuwa wakionana naye mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 56 hivi walionana naye kwa nadra zaidi ya hapo, ila zaidi ya mara moja kwa mwaka. Waliobaki, asilimia 28, walionana naye mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu haina uchawi: rafiki unayeshinda naye anajua yale yale unayoyajua. Habari mpya iko kwa yule wa mbali, na ndiye unayemsahau.

Kumtunza wa mbali hakuhitaji chakula cha jioni wala salamu za kunakili za sikukuu (hizo afadhali uache). Chukua daftari, piga safu tatu: jina, jambo la mwisho mliloongea, tarehe. Andika watu 30, si 300. Ukimgusa kila mmoja mara moja kwa miezi mitatu, ni watu wawili au watatu kwa wiki, dakika tano kila mmoja. Safu ya kati ndiyo yenye kazi. Kama alikwambia anahama idara, muulize idara mpya ikoje. Usiombe kitu. Na aliyekusaidia mpe matokeo hata ukikosa: "Walinihoji, wakachukua mwingine, asante." Hapa wengi huharibu. Hushukuru wakipata, wakikosa wanapotea, na msaidizi anabaki hajui jina lake lilifanya kazi gani.

Kazi za ubia ni habari nyingine, kwa sababu huko watu hugombana juu ya yale ambayo hayakusemwa mwanzoni: nani anashika faili la mwisho, jina la nani linatangulia, malipo yanagawanywaje, anayetaka kujitoa anaacha nini. Yaandikeni siku ya kwanza, mkiwa bado mnacheka. Wanahisabati Hardy na Littlewood waliandika pamoja karibu makala 100 kwa miaka 35 hivi, na inasimuliwa walikuwa na masharti manne. Barua ya mmoja kwa mwenzake isilazimike kuwa sahihi. Anayeipokea asilazimike kujibu, wala kuisoma. Afadhali wasifikirie jambo lile lile kwa wakati mmoja. Na kila makala ibebe majina yote mawili, hata kama mmoja hakuchangia chochote. Hilo la nne ndilo linalowashinda watu. Ukianza kuhesabu nani aliandika aya ngapi, ubia umeshaoza, mnasubiri tu harufu.

Sasa kwa msomaji wangu: mwandikie tena, kwa maneno mapya, bila kutaja kwamba hakujibu. Subiri siku saba. Akinyamaza, nafasi hii tafuta mtu mwingine, lakini jina lake usilifute daftarini. Baada ya miezi mitatu msalimie bila ombi lolote.