Maswali yenu na majibu: mzee jukwaani si poda na kikohozi

Tangu niseme hapa kwamba tunaandaa mchezo wa kuchekesha wa nyanya mmoja wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale Mombasa, na kijana wa tuktuk anayekuja kuwa sahibu yake wa damu, maswali yamejaa. Nachukua machache, na yale yanayojirudia kila wiki nayajibu leo mara moja, basi.

Niko na kikundi cha drama Kisauni. Babu wetu anachezwa na kijana wa miaka 21. Nimpake poda kichwani ama ninunue wigi?

Hapana, na hapana tena. Hili swali nimelijibu mpaka nimechoka, jamani someni yaliyopita kabla hamjauliza. Poda kichwani, pamba kidevuni, mkongojo, mgongo umepinda, kikohozi kila baada ya maneno matatu, halafu mwataka watu waamini ni urafiki, urafiki na nani, na mkongojo? Mtazamaji anachoona pale ni kijana anamchezea mzee shere, na wazee waliokuja kutazama wanaona hivyo hivyo na wataondoka kimya. Mchezo wa urafiki wa rika mbili unataka rika mbili zenyewe zisimame jukwaani. Nenda barazani baada ya Alasiri pale wazee wanapocheza bao na kunywa kahawa tungu, kaa nao wiki mbili bila kutaja drama, utamjua tu yupi ambaye akifungua mdomo wengine wananyamaza. Huyo ndiye wako. Umuombe kwa adabu, watu wa nyumbani kwake wajue, na nauli ya kwenda na kurudi iwe juu yenu, sio mzee anajitolea siku zote hizo halafu anapewa soda na asante.

Mbona Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kile kipindi cha TV, tulimcheka miaka na miaka na hukulalamika?

Kwa sababu hatukucheka umri wake. Marehemu Benson Wanjau, aliyemcheza Ojwang' na aliyefariki 2015, alitupa mtu mzima mwenye hasira zake, ujanja wake na mke asiyemuogopa, Mama Kayai, na kicheko kilitoka kwa kile alichokitaka na namna alivyokikosa. Ukimuondolea Ojwang' uzee bado anachekesha, lakini huyo wako wa poda ukimuondolea kikohozi anabaki na nini?

Wazee hawashiki mistari, unafanyaje?

Nani kakwambia hawashiki? Hapa Pwani kuna kina nyanya wanaokusomea Utendi wa Mwana Kupona kwa moyo, beti 102, bila kutazama karatasi, na wewe unayemsema hukumbuki namba ya simu ya mamako. Shida mara nyingi ni skripti. Tunawaandikia wazee Kiswahili cha mtihani ambacho hawajawahi kukisema maishani, ulimi unakataa, halafu twasema amesahau. Mimi namueleza mama yetu anayecheza nyanya kinachotokea kwenye hio sehemu, aseme kwa maneno yake, naandika alivyosema, na hio ndio mistari. Akisema "mato" badala ya macho nayaacha mato. Halafu kijana ndiye abebe yale ya lazima, majina, saa, pesa ngapi, ili mzee akipotea kidogo kijana amrudishe kwa swali na mtazamaji hajui kitu.

Na fanyeni mazoezi asubuhi. Tuliwahi kuweka mazoezi saa tatu usiku kwenye ukumbi mmoja, mzee wetu akaacha kuja, nikadhani drama imemchosha, nikakasirika hata, kumbe ngazi za pale hazikuwa na taa na yeye aliona haya kuomba ashikwe mkono. Wiki mbili nilikuwa namlaumu mtu kwa kosa langu. Kagueni ngazi, taa, choo na kiti chenye mgongo kabla ya kukagua vipaji vya watu.

Nitachekesha vipi bila kumkosea heshima mzee? Kwetu mzee hachezewi.

Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja. Ndugu yangu, kwetu mzee yuwachezewa sana tu, tena yeye ndiye anaanza! Mtu na babake hawataniani, hapo kuna heshima na woga wake, lakini ukiruka rika moja, babu na mjukuu, nyanya na mjukuu, utani umefunguliwa wazi tangu zamani. Nyanya anamuita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", siku akioa anamuita bibi harusi "mke mwenza", anamuuliza mbele ya watu kama huyo bwana ashamfundisha kuosha sahani, na nyumba nzima yacheka na hakuna aliyevunjiwa heshima. Hii ni komedi tayari, imekaa sebuleni mwetu, na sisi twahangaika kukopa vichekesho kutoka kwa sinema za watu.

Sasa angalia kwenye mchezo wetu. Kijana wa tuktuk si mjukuu wake, ni dereva tu, mwanzo wanazozana kuhusu shilingi hamsini, kila mmoja anamuona mwenzake mwizi. Halafu siku moja nyanya anaudhika naye anamwambia "ondoka hapa mume wangu, umenichosha". Hapo kwenye mazoezi sote tulinyamaza. Hakuna aliyesema sasa tumekuwa marafiki, lakini kila mtu wa Pwani anajua kilichotokea, huyu kijana ameshaingizwa nyumbani. Na anayekuja kuharibu ni rika la katikati, binti wa nyanya, anayeuliza huyu wa tuktuk ataka nini kwa mamangu, ni nyumba au ni pensheni? Mpeni huyo binti haki yake pia, wasiwasi wake una sababu.

Lugha nayo inasaidia ila isizidi. Kijana anasema "nyanya, mbogi yangu iko njiani", yaani genge la marafiki zake, nyanya anakwenda jikoni kuosha sufuria anauliza mboga gani hiyo, mchicha au mnavu. Basi na kijana naye ajikwae, nyanya akimwambia alete mtele, yaani mchele, yeye adhani anaambiwa maisha ni mtelezo, ni rahisi. Mara moja huku, mara moja kule, mwisho. Akiwa mzee ndiye haelewi kila siku, mmerudi kwenye poda.

Na hapa niseme kitu hamkuuliza. Hizi video za TikTok mnazowarekodi nyanya zenu wakihangaika na rimoti ama wakitamka Kizungu vibaya, bila wao kujua, wallahi huo si utani. Utani ni mtu anakujibu. Yule hajui hata kama watu wengi hivyo wamemuona na kanga ya kulalia.

Tunafikiria nyanya awe mchawi kidogo, watu watacheka sana.

Msithubutu. Hapo Kilifi wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine wamehama makwao wakakimbilia hifadhi Kaya Godoma kule Ganze. Mzee mwenye mvi na macho mekundu kwa moshi wa kuni, kosa lake ni kuzeeka. Mtoto aliyecheka jukwaa lako leo ndiye kesho ataambiwa babu yako mchawi, na ataamini haraka.

Show ianze saa ngapi?

Sio saa kumi na mbili na nusu! Mombasa jua linatua kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo hivi mwaka mzima, ukianza hapo nusu ya ukumbi iko kwenye swala ya Magharibi. Anza saa tisa au saa kumi jioni, mmalize mapema, wazee wafike nyumbani na mwanga.

Nimepata mchezo wa Kimarekani wa mama mzee na kijana, mzuri sana, naweza kuutafsiri tucheze?

Ukipata ruhusa. Kutafsiri pia ni haki ya mwandishi, sio ujanja wa kukwepa. Sheria yetu ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa, kwa hivyo Shakespeare aliyekufa 1616 mchukue bure, lakini tafsiri ya mchezo wake, Mabepari wa Venisi ya Nyerere aliyefariki 1999, iko chini ya ulinzi mpaka mwisho wa 2049. Na kwani wa kwako umeshindwa kuandika? Umezungukwa na wazee.

Ni muziki gani?

Wowote ambao mzee wako anaujua.

Mwisho mzee afe? Ndio watu walie kidogo.

Kila kikundi kinanionyesha mwisho huo huo, mzee anakohoa, anatoa wosia, kijana analia, pazia. Yaani mzee ameletwa jukwaani saa nzima ili afe amfunze kijana kitu! Urafiki gani huo wa mmoja kutumika na mwenzake kufaidi? Mwacheni aishi, awe na jambo lake la kesho. Wetu unaisha nyanya amekamata usukani wa tuktuk, kijana yuko nyuma na kikapu cha soko mapajani amefumba mato, na wanabishana ni ndia gani ya kufika Kongowea.