Nafasi za utafiti baada ya uzamivu: anza na picha zako mwenyewe

Wenzangu mliomaliza uzamivu Makerere au Mbarara huniuliza: nitaombaje nafasi kwenye maabara ya hadubini Ulaya ilhali sijawahi kushika hadubini ya konfokali, ile inayopiga picha za seli kwa leza? Jibu langu ni kwamba mashine hufundishwa. Mgeni yeyote hupewa mafunzo kabla ya kuruhusiwa kuigusa. Anayetafutwa ni mtu anayejua kuigeuza picha kuwa ushahidi, na hilo unaweza kulionyesha ukiwa hapa hapa Entebbe.

Chukua slaidi nyembamba ya malaria iliyotiwa rangi ya Giemsa, lenzi ya kukuza mara 100 na tone la mafuta. Piga picha, uihifadhi kama TIFF. Usitumie JPEG, maana hubana faili na kutupa taarifa ambazo jicho halizioni lakini programu huzipima. Siku hiyo hiyo andika lenzi, kamera na ukubwa wa pikseli. Ifungue kwenye Fiji, programu ya bure ya kupima picha, uweke kipimo (pikseli moja ni sawa na mikromita ngapi), kisha pima upana wa chembe nyekundu kadhaa za damu zisizo na vimelea. Zikicheza kwenye mikromita 7 au 8, endelea. Zikitoka 15, kipimo kimewekwa vibaya, na lolote utakalolipima baada ya hapo hutaweza kulitetea. Kazi hiyo ikielezwa vizuri katika kurasa mbili inanishawishi kuliko rundo la vyeti vya warsha, na nasema hivyo kwa sababu nimewahi kusaidia kuchuja maombi.

Ukihitaji mashine kubwa, usidhani ni lazima uvuke bahari. Africa Microscopy Initiative, pale Chuo Kikuu cha Cape Town, ina kituo kilichofunguliwa kwa watafiti wa Afrika, na mradi ukikubaliwa unatumia hadubini bila malipo. Picha utakazorudi nazo ndizo zitakazokuombea nafasi inayofuata.

Kuhusu ufadhili, soma masharti mapema. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya hupokea watu wa uraia wowote wenye uzamivu, mradi hujaishi sana katika nchi unayoendea: isizidi miezi 12 ndani ya 36 kabla ya tarehe ya mwisho. EMBO, shirika la Ulaya la biolojia ya molekuli, hutaka uwe umechapisha makala ukiwa mwandishi wa kwanza, na haipendi uzamivu uliomalizwa zamani. Zote zinataka uwe na mwenyeji kwanza, yaani profesa atakayekupokea kwenye maabara yake, na hapo ndipo wengi wetu hukwama, kwa kutuma barua moja kwa maprofesa hamsini.

Tafadhali, mwandikie mmoja. Soma makala yake ya karibuni, chagua picha moja, umuulize jambo linalokusumbua kweli: alitenganishaje seli zilizogusana, au kwa nini alichagua kizingiti kile cha mwanga cha kutenga seli na mandhari yake. Kisha weka kiungo cha picha zako na kurasa zako mbili. Maombi ya Marie Curie kwa kawaida hufungwa Septemba, kwa hiyo barua hiyo iende Machi au Aprili, mpate muda wa kuandika mradi pamoja.