Helikopta ya kwanza ya rimoti: ya mapanga ya ngazi mbili, chaneli 4

Chagua ndogo yenye mapanga ya ngazi mbili yanayozunguka kinyume, moja juu ya nyingine, lakini iwe ya chaneli 4, yaani yenye miendo minne unayoiongoza kwa rimoti, si 3. Ngazi hizo hufutiana nguvu ya kuizungusha bodi, kwa hiyo helikopta hutulia hewani karibu yenyewe, nawe unapata nafasi ya kujifunza jambo linalowashinda wengi, yaani kuiongoza pua ikiwa imekuelekea, kwani hapo kulia na kushoto hubadilishana. Ya chaneli 3 hupanda, hugeuka na kwenda mbele au nyuma tu. Haiendi ubavu, na ubavu huo utauhitaji sana utakapohamia helikopta ya ngazi moja.

Hakikisha rimoti inatumia redio ya gigahezi 2.4, kwa sababu zile za infraredi hupoteza mawasiliano kwenye mwanga wa jua. Kabla ya kulipa, uliza kama mapanga, gia kuu na miguu vinauzwa kimoja kimoja. Mimi hurusha hizi mara kwa mara, na vipuri hivyo ndivyo vinavyotangulia kuharibika, hasa ncha za mapanga zinapogonga ukuta huku mota ikiwa bado imefunguliwa. Ukiona inaelekea kugonga, shusha mota hadi sifuri papo hapo.

Angalizo ni moja: aina hii ni ya kurushia ndani. Upepo mwepesi tu huichukua, nayo haina nguvu ya kutosha ya kurudi.