Koneksheni kibao LinkedIn ila hakuna anayejibu

Mkuu umeuliza mbona una koneksheni zaidi ya 500 LinkedIn na hakuna anayekujibu. Shida ni kutuma maombi ya kuunganishwa hovyo afu meseji ya kwanza tu unaomba kazi, hapana aisee. Anza na mliosoma au kufanya nao field, halafu ingia kwenye posti za watu wa fani yako uchangie kitu cha maana, sio "hongera" tu, wiki kadhaa hivi ndo umtumie mtu ombi umwambie umemfahamia wapi. Mimi kuna mhasibu nilimsaidia fomula ya Excel kwenye komenti, miezi mitatu baadaye akaniunganisha na bosi wake. Na mnaojuana juujuu usiwadharau kabisa, mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha tangu 1973 kwamba taarifa za kazi mara nyingi zinatoka kwao, maana wanajua watu usiowajua wewe.