Unakwenda Barbados kwa kupitia Miami? Usilipe hiyo tiketi

Usilipe kwanza, mkuu. Soma, kisha unitukane ukitaka.

Umeulizia fukwe, msimu, chakula na usafiri wa Barbados, halafu katikati umechomeka kwamba wakala kakwambia Miami "unapita tu, hutoki uwanjani, viza ya nini?" Maneno hayohayo niliambiwa mimi, tena kwa tabasamu na kalenda ya bure.

Marekani hakuna cha kupita tu. Hata kama ndege ya pili inaondoka saa mbili baadaye, unapanga foleni ya uhamiaji kama anayehamia. Bila viza, ya kupita au ya matembezi, hata Miami yenyewe huioni. Unakwamia kaunta hapohapo Dar. Dada wa kaunta alifunua pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa, akarudia, akauliza, "Viza ya Marekani iko wapi, kaka?" Nikamjibu naenda Barbados, Mtanzania haombi viza kule. Akasema ni kweli. Akanisogezea begi langu.

Tiketi hairudishwi hela. Hoteli nayo, kwa kuwa nilikimbilia bei ya chini, vilevile. Nilipompigia wakala akasema "mfumo haukuonyesha." Mfumo! Kamisheni yake ulimwonyesha vizuri sana. Nikarudi nyumbani na miwani ya jua kichwani, jirani akauliza kama siku hizi Barbados iko Kibaha.

Na usidhani ukikwepa Miami umepona. London na Toronto nako Mtanzania anadaiwa viza ya kupita. Ukinunua tiketi mbili tofauti ndiyo balaa zaidi, maana begi lazima ulifuate nje. Kabla ya kutazama picha za hoteli, andika kila uwanja utakaoukanyaga, uulize ubalozi wa nchi hiyo. Ubalozi, siyo wakala.

Haya, kisiwa. Nilikuja kufika baadaye, kwa njia nyingine. Magharibi bahari imetulia. Mashariki, kule Bathsheba, mawimbi hayana utani, tazama tu. Dola yao mbili kwa moja ya Marekani. Magari yanapita kushoto kama kwetu. Cou-cou yao ni unga wa mahindi uliosongwa na bamia, hutapata shida. Nguo za madoa ya jeshi acha nyumbani, ni marufuku kwa raia, hata mtoto. Vimbunga ni Juni hadi Novemba.

Mengine watakujibu wadau. Wewe niambie: hela ya tiketi bado unayo?