Siku tatu Yogyakarta, nianzie wapi?

SWALI: Kaka, shikamoo na pole na kazi. Mwezi wa saba naenda Indonesia kwenye kozi, nikimaliza nabaki na siku tatu za kwangu na nimepanga niende Yogyakarta, kisiwa cha Java, maana kila mtu ananiambia hekalu la Borobudur, Borobudur. Sasa huo mji wenyewe una nini cha kuona au nipige zangu picha Borobudur niondoke? Na mama anataka batiki ya huko, nisije nikauziwa feki. – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza kabla hujaondoka, maana hilo unalofikiria ndo kosa nililofanya mimi, siku zangu karibu zote nilizipeleka Borobudur na vijiji vya jirani, mjini nikaacha mchana mmoja tu, nafika ikulu ya sultani saa tisa geti limeshafungwa, wageni wanaingia asubuhi mpaka mchana mapema basi. Iliniuma sana.

Kwa hiyo siku ya kwanza anza na ikulu, wenyewe wanaiita Kraton. Sisi tumezoea Forodhani kule Unguja, unaingia jumba la sultani unakuta vitanda na picha, mwenyewe hayupo tangu 1964. Yogyakarta sultani yupo, anaishi mle mle, Hamengkubuwono wa 10, na ndiye gavana wa mkoa pia. Ukoo wake unatawala pale tangu 1755, mwaka ambao ufalme wa Mataram uligawanywa kwa mkataba wa Giyanti, nusu ikaenda Surakarta, nusu ikawa Yogyakarta. Utaona wazee wahudumu wa ikulu wanapita peku, wamevaa batiki na kilemba, jambia la kijava limechomekwa kiunoni kwa nyuma, na ukibahatika utakuta wanapiga gamelan, zile ngoma na vyombo vya shaba. Kaa chini usikilize, usiwe na haraka kabisa.

Ukitoka hapo tembea kwa mguu mpaka Taman Sari, yalikuwa mabwawa ya kuogea ya familia ya sultani. Wengi wanapiga picha kwenye maji wanaondoka, wewe ulizia Sumur Gumuling, ulikuwa msikiti wa chini ya ardhi, jengo la duara na ngazi zinakutana katikati juu ya kisima, mwanga unaingia kwa juu. Mi ndo sehemu niliyoiona kwenye picha za wenzangu nikajuta.

Sasa batiki ya mama. Nenda soko la Beringharjo, liko barabara ya Malioboro, asubuhi, ni kama Kariakoo tu, bei mnapatana. Kuna ya kuchora kwa mkono kwa nta, hiyo wanaita tulis na ni ghali kweli maana kitambaa kimoja kinaweza kula miezi, kuna ya muhuri wa shaba, inaitwa cap (tamka chap), na kuna ya kuchapwa mashineni ambayo sio batiki ni kitambaa chenye maua ya batiki. Geuza upande wa pili, kama umefifia au ni mweupe jua ni ya mashine, ya nta rangi inaingia pande zote mbili. Na pale Malioboro mtu akikufuata kwa upole akakwambia kuna maonyesho ya wanafunzi wa sanaa na leo ndo siku ya mwisho, mshukuru uendelee na safari, mimi nilienda nikalipa hela nyingi kwa kitambaa ambacho sokoni nilikikuta kwa bei ya chini kabisa.

Siku ya pili ndo uende Borobudur, iko kama kilomita 40 nje ya mji. Hekalu la Kibudha la karne ya 9, stupa 72 kwa juu (vile vinara vya mawe vyenye umbo la kengele) na picha za kuchongwa zaidi ya 2,600 zimezunguka kuta. Tiketi ya kupanda juu ni tofauti na ya kuingia uwanjani na watu wana idadi maalum kwa siku, nunua mapema mtandaoni. Siku ya tatu jioni Prambanan, mahekalu ya Kihindu, mnara wa Shiva una mita 47, na mwezi wa saba ni kiangazi kwa hiyo ngoma ya Ramayana, hadithi ya kale ya Kihindu, wanacheza nje usiku.

Chakula usihofu, wengi ni Waislamu. Kula gudeg, fenesi changa limepikwa kwa tui na sukari ya mnazi masaa mengi, ni tamu kwelikweli, omba na pilipili. Lugha nayo utashangaa, meza ni meja, bendera ni bendera, sabuni ni sabun, na mtu akikwambia "apa kabar" anakuuliza habari. Becak, ile baiskeli ya abiria kukaa mbele, patana bei kabla hujapanda. Na beba mtandio wa kujistiri mabega ukiwa unaingia ikulu.